Je, jiji lenyewe huzalisha radi, au huzivuta tu? Swali kutoka Houston

Mwana wa Singida (mwanzisha mada)

Salaam, wanajamvi. Nimekuwa msomaji wa ukumbi huu kwa muda mrefu bila kuandika, lakini leo nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu majira ya joto yaliyopita, na ningependa kujibiwa na watu wanaolifahamu jambo lenyewe.

Ninaishi Houston, Texas, na kazi yangu ni kupakia na kushusha mizigo ya ndege. Sisi tunaofanya kazi nje, kwenye zege la maegesho ya ndege, tuna utaratibu mmoja usiokuwa na mjadala: vifaa vikionyesha kuwa radi imepiga ndani ya umbali uliowekwa, taa za tahadhari huwaka, na kila mtu huacha alichoshika na kuingia ndani, hata kama mkanda wa kupandishia mizigo bado umeegemezwa kwenye mlango wa ndege na masanduku yamebaki juu yake nusu safari. Kati ya Juni na Septemba jambo hili hutokea mara nyingi, na karibu kila mara ni alasiri. Asubuhi anga huwa jeupe na lenye fukuto. Saa saba mchana huanza kuchomoza vichwa vya mawingu upande wa kusini na mashariki. Saa tisa vichwa hivyo vimekuwa minara yenye tumbo jeusi. Ikifika saa kumi sote tumo ndani tukitazama maji yakichuruzika kwenye vioo.

Kilichonisukuma kuuliza ni mazungumzo yetu tukiwa humo ndani. Mwenzangu mmoja anaishi Galveston, kisiwani, na siku nyingi husimulia kuwa ameacha kwake jua kali, na usiku akirudi hukuta ua wake haujapata hata tone. Mwingine anaishi magharibi, kwenye mashamba ya zamani ya mpunga, naye anashikilia kwamba radi za kwao ni chache kuliko zetu. Wapo wanaosema kwamba majengo marefu ya katikati ya jiji ndiyo yanayoziita. Wengine wanalaumu moshi wa viwanda vya kusafishia mafuta vilivyopangana kandokando ya mfereji wa meli.

Nimekulia Singida, ambako mama yangu, ngurumo ya kwanza ikisikika, alikifunika kioo cha kabati kwa kanga na kutukataza kuvaa nguo nyekundu. Sikuwahi kumwuliza sababu. Safari hii nataka kuijua sababu. Je, ni kweli kwamba jiji linaweza kuongeza radi? Kama ni kweli, linafanyaje: kwa joto lake, kwa majengo yake, au kwa moshi wake? Na je, inawezekana kwamba yote haya ni kazi ya bahari, na jiji limesingiziwa tu?

Mpima Mvua (Dar es Salaam)

Karibu sana, ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza kwa makini. Nimestaafu kazi ya utabiri wa hali ya hewa, na mvua za ngurumo ndizo nilizozipenda kuliko yote niliyoyatabiri. Bahati nzuri umeuliza ukiwa katika jiji ambalo limechunguzwa sana kwa jambo hili hili.

Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, kwa sharti moja: jiji haliumbi mvua ya radi kutoka katika hewa tupu. Wingu la radi linahitaji unyevu mwingi karibu na ardhi, linahitaji hewa ya juu iliyo baridi kiasi cha kuiacha hewa ya chini iendelee kupaa, na linahitaji kitu cha kuisukuma hewa hiyo ianze safari. Hapo Houston unyevu unatoka Ghuba ya Mexico, na baridi ya juu ni ya angahewa yenyewe. Jiji linaingilia kwenye msukumo, kisha linaingilia mara ya pili ndani ya wingu likiwa limekwisha kupaa.

Msukumo wa kwanza ni joto. Shamba lenye maji au msitu hutumia sehemu kubwa ya nishati ya jua kugeuza maji kuwa mvuke kupitia majani na udongo, kwa hiyo joto linalobaki kwa ajili ya hewa si kubwa. Zege unalosimama juu yake kazini, lami, na paa za majengo havina maji ya kugeuza kuwa mvuke. Nishati karibu yote huvipasha vyenyewe, navyo huipasha hewa iliyo juu yao. Kwamba jiji huwa na joto kuliko vijiji vinavyolizunguka si ugunduzi wa juzi: Mwingereza Luke Howard alilionyesha kwa vipimajoto katika kitabu chake kuhusu tabianchi ya London, kilichotoka kati ya 1818 na 1820. Hewa yenye joto ikipaa katikati ya jiji, hewa ya pembezoni hutiririka kuja kujaza nafasi yake kutoka pande zote, na mikondo hiyo ikikutana haina pa kwenda isipokuwa juu. Huko Atlanta, katika kiangazi cha 1996 wakati wa michezo ya Olimpiki, kulikuwa na vituo vingi vya kupimia hali ya hewa kuliko kawaida, na wanasayansi Robert Bornstein na Qinglu Lin walipozichambua takwimu zake waliona mikondo ikikutana juu ya jiji na mvua za ngurumo zikianzia hapo hapo, siku ambazo hapakuwa na upepo mkubwa wa kuivuruga hali hiyo.

Majengo nayo yana sehemu yake, ingawa si ile wanayoidhania wenzako. Upepo unaopita juu ya mbuga tambarare ukifika kwenye majengo hupunguza mwendo, na hewa inayofuata nyuma hurundikana kama magari yanavyorundikana barabara inapobana. Sehemu ya hewa hiyo hupanda juu, nyingine huzunguka pembeni. Ndiyo sababu mvua nyingine hufika ukingoni mwa jiji, ikagawanyika mara mbili, kisha ikaungana tena baada ya kuvuka. Dev Niyogi na wenzake walizifuatilia kwa rada mvua za ngurumo 91 katika eneo la Indianapolis kati ya 2000 na 2009, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 60 zilibadilika umbo zilipokuwa juu ya jiji, ilhali juu ya mashamba ni asilimia 25 tu zilizobadilika.

Sasa niingie kwenye moshi, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa la kustaajabisha.

Kila tone la wingu huanza kwa mvuke kugeuka maji juu ya chembe ndogo sana: chumvi ya bahari, vumbi, masizi, au chembe za salfa zitokanazo na kuchoma mafuta. Hewa safi ya baharini ina chembe chache, kwa hiyo kila chembe hupata maji mengi, matone huwa makubwa, yanagongana, yanaungana, na kuanguka mapema kama mvua ya kawaida. Hewa ya jiji la viwanda ina chembe nyingi mno. Maji ni yale yale, wagawiwa wameongezeka, na kila mmoja anapata kidogo. Matone madogo namna hiyo hayaanguki upesi. Upepo unaopanda ndani ya wingu huyabeba hadi juu ya kimo cha kilomita 5 hivi, ambako joto liko chini ya nyuzi sifuri, na hata huko mengi hubaki maji kwa muda kabla ya kuganda.

Huko juu, hasa kati ya nyuzi 10 na 20 chini ya sifuri, wingu huwa limejaa vitu vitatu kwa pamoja: maji baridi ambayo hayajaganda, fuwele nyepesi za barafu, na punje nzito kidogo za barafu laini, zile ambazo zikikua sana huwa mvua ya mawe. Fuwele zinagongana na punje, na kila mgongano huhamisha chaji kidogo ya umeme. Kwa kawaida punje huondoka na chaji hasi na fuwele na chaji chanya. Kisha upepo unaopanda huzitenga: fuwele nyepesi huchukuliwa hadi kileleni na punje hubaki katikati au kushuka. Migongano isiyohesabika ikiendelea hivyo, wingu linakuwa na chanya juu na hasi chini yake, na hewa iliyo kati yake, au iliyo kati yake na ardhi, hushindwa kuvumilia. Hiyo ndiyo radi. Kwa hiyo chochote kinachopandisha maji mengi zaidi hadi kwenye barafu huongeza migongano, na migongano ndiyo inayotengeneza umeme.

Mwaka 2001 Richard Orville na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walichapisha uchunguzi wa miaka 12, kuanzia 1989 hadi 2000, uliotumia mtandao wa taifa wa Marekani unaonasa mawimbi ya redio yanayotolewa na kila radi inayofika ardhini. Waliona idadi ya radi ikipanda juu ya Houston na kandokando yake, na kundi hilo hilo likiendelea na kazi likakadiria ongezeko la takriban asilimia 45 likilinganishwa na maeneo ya jirani. Walitaja sababu mbili, joto la jiji na chembe za moshi, lakini kwa Houston pekee hawakuweza kuzitenganisha, kwa kuwa zote mbili ziko mahali pamoja. Scott Steiger na Orville wakatazama mashariki zaidi, kusini mwa Louisiana, wakakuta ongezeko juu ya Lake Charles, mji mdogo ambao joto lake haliwezi kulinganishwa na la Houston, ila una viwanda vikubwa vya kusafishia mafuta. Wale wenzako wanaolaumu moshi wa mfereji wa meli, basi, wana hoja.

Fundi Vizuia Radi (Mwanza)

Habari za leo, ndugu zangu. Nafunga vizuia radi kwenye minara ya simu, shule na maghala, na ningependa kulijibu lile la majengo marefu kuita radi, kwa sababu kila nikipanda juu ya paa mtu wa chini huniuliza hilo hilo.

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni wapi wingu la radi linajengeka. La pili ni radi ikiwa imeanza kushuka, itagusa nini. Jengo refu lina nguvu kwenye swali la pili, si kwenye la kwanza. Radi hushuka kwa hatua hatua, kila hatua ya makumi ya mita, na kwa sehemu kubwa ya safari yake haijali kilichopo chini. Ni pale inapobakiza mita kama mia moja au pungufu ndipo vitu vilivyo ardhini, ncha ya mti, pembe ya paa, fimbo yangu ya shaba, vinapoanza kutoa cheche za kuipokea, na cheche itakayotangulia kuifikia ndiyo inayoshinda. Jengo haliwezi kuivuta radi iliyo kilomita 10 kutoka lilipo, sembuse kulivuta wingu lenyewe. Hata jina la chombo chetu linapotosha: tunakiita kizuia radi, ilhali hakizuii kitu. Kinaipokea na kuipeleka ardhini kwa njia tuliyoichagua sisi, ili isijichagulie yenyewe kupitia nyaya za nyumba.

Minara mirefu kabisa ina jambo jingine. Ikipita kimo cha mita 100 hivi, huanza kutoa radi zake yenyewe zinazoanzia kileleni na kupanda kuelekea wingu. Ukizitazama kwenye picha utaona matawi yamefungukia juu kama matawi ya mti, tofauti na radi ya kawaida ambayo matawi yake yanaelekea chini. Empire State Building ya New York hupigwa mara 20 hivi kwa mwaka, na mnara wa CN wa Toronto, wenye urefu wa mita 553, mara 75 hivi. Radi hizo zinahesabika kweli, lakini ziko kwenye nukta moja ya ramani. Mpima Mvua amezungumzia ongezeko lililotandaa juu ya eneo zima la jiji na vitongoji vyake, ambalo haliwezi kuelezwa kwa majengo machache marefu ya katikati.

Kuhusu mama yako mzazi, ndugu yangu, kioo hakina hatia wala nguo nyekundu. Hatari ya nyumba zetu iko kwenye nyaya zinazoingia kutoka nje, kwenye mabomba, na kwenye ule mwembe tunaoukimbilia mvua ikianza.

Mwalimu wa Jiografia (Mombasa)

Nawasalimu nyote. Nimesoma maelezo ya Mpima Mvua kwa furaha, na nitawapa wanafunzi wangu sehemu ya migongano ya barafu kama ilivyo. Hata hivyo, mwenye mada aliuliza swali la mwisho ambalo naona halijajibiwa, nalo ndilo zito kuliko yote: je, si bahari?

Sisi tunaoishi pwani tunaijua tabia hii. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari, na upepo huanza kuingia kutoka baharini. Mahali ambapo hewa hii ya baridi hukutana na hewa ya bara yenye joto, mawingu hujengeka kwa mstari, na mstari huo husogea ndani kadiri mchana unavyoendelea. Nyuma yake, ufukweni, anga husafika. Yule mwenzako wa Galveston mwenye ua mkavu hahitaji maelezo ya jiji hata kidogo. Upepo wa bahari unamtosha. Tena Houston iko karibu na Ghuba ya Galveston, ambayo ina upepo wake mdogo, kwa hiyo pepo mbili hukutana katika eneo hilo hilo. Wenzetu wa Mwanza na Kampala wanajua vilevile kwamba Ziwa Victoria lina ratiba yake: usiku na alfajiri ngurumo huwa ziwani, mchana huhamia nchi kavu. Mtu akiona radi nyingi kando ya maji asikimbilie kuusifu au kuulaumu mji ulioko hapo. Miji ilijengwa kando ya maji, na maji yalikuwa na radi zake kabla ya mji.

Nina sababu ya pili ya kuwa mwangalifu. Mwaka 1968 Stanley Changnon alichapisha habari za La Porte, mji mdogo wa Indiana ulioko mashariki mwa Chicago na viwanda vyake vya chuma. Kwa miaka ya 1951 hadi 1965, kituo cha La Porte kilionyesha mvua iliyozidi ile ya vituo vya jirani kwa asilimia 31, siku za ngurumo kwa asilimia 38, na siku za mvua ya mawe kwa asilimia 246. Changnon alisema ni athari ya viwanda. Wakatokea waliosema kwamba kosa ni la mwangalizi wa kituo kile au la kifaa chake. Nina kipimamvua uani kwa shule yetu, na najua jinsi mti ulioota karibu au mwanafunzi mzembe anavyoweza kuibadilisha mvua ya mwaka mzima. Sisemi Changnon alikosea. Nasema kwamba kituo kimoja hakitoshi, na tarakimu kubwa kama 246 inapaswa kumtia mtu shaka kabla ya kumtia furaha.

Niongeze neno moja ambalo litatusaidia katika mazungumzo haya. Mara nyingi inasemwa kwamba athari huonekana upande ule ambako upepo unakwenda baada ya kulipita jiji. Mabaharia wetu wana neno lake: upande upepo utokako ni joshini, na upande uendako ni demani. Basi La Porte iko demani ya Chicago.

Mpima Mvua (Dar es Salaam)

Mwalimu, shaka yako ni ya haki, na neno lako la demani nalichukua kwa shukrani. Niseme wazi kwamba katika maelezo yangu ya kwanza niliipita bahari haraka mno. Bila upepo wa baharini Houston isingekuwa na mvua hizo za alasiri, liwepo jiji au lisiwepo. Linaloulizwa ni ongezeko juu ya zile ambazo bahari ingezileta peke yake.

Mabishano ya La Porte yalizaa jambo jema. Ili kumaliza ubishi wa kituo kimoja, wanasayansi walikwenda kwenye jiji lililo mbali na bahari na maziwa makubwa, lililozungukwa na ardhi tambarare: St. Louis, Missouri. Kuanzia 1971 hadi 1975 waliendesha mradi mkubwa ulioitwa METROMEX, wenye vipimamvua zaidi ya 200, rada na ndege. Walikuta mvua ya kiangazi imeongezeka kwa asilimia 5 hadi 25 mashariki na kaskazini mashariki ya jiji, yaani demani, na ngurumo na mvua ya mawe zimeongezeka pia. Hapo hapana bahari ya kusingiziwa. Baadaye, mwaka 1995, Nancy Westcott alichapisha hesabu ya radi katika majiji 16 ya eneo la kati la Marekani kwa viangazi vya 1989 hadi 1992, na katika mengi kati yao radi ziliongezeka kwa asilimia 40 hadi 85 juu ya jiji na demani yake. Jiji moja linaweza kuwa na bahati ya mahali lilipo. Majiji mengi yenye mazingira tofauti hayawezi yote kuwa na bahati ile ile.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, hautoki kwenye jiji. Unatoka baharini, karibu na njia yetu wenyewe ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2017 Joel Thornton na wenzake walichapisha ramani ya radi za miaka 2005 hadi 2016, na ndani yake ulionekana mstari mwembamba ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, kuanzia mashariki ya Bahari ya Hindi, kupitia Mlango wa Malacca hadi Bahari ya Kusini ya China. Mstari huo ni njia ya meli. Juu yake radi zilikaribia kuwa mara mbili ya zile za maji yaliyo pembeni. Baharini hakuna lami inayochemka wala majengo ya kuubana upepo, na meli haibadilishi joto la bahari kwa kipimo hicho. Kilichobaki ni moshi wa mabomba yao. Kisha ikaja tarehe 1 Januari 2020, kanuni ya kimataifa ikashusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Meli ziliendelea kupita, salfa ikapungua, na uchambuzi uliofuata ulionyesha radi za njia hiyo karibu na Singapore zimepungua kwa karibu nusu. Ni nadra sana katika fani yetu kupata jaribio safi namna hiyo, na nakiri kwamba niliposoma matokeo yake niliketi kimya kwa muda.

Lakini moshi nao una mpaka wake. Ukizidi sana huzuia jua lisiifikie ardhi, ardhi haipati joto, na hewa inakosa msukumo wa kupaa. Hapo radi hupungua badala ya kuongezeka. Tena kwa Houston yenyewe wapo watafiti, akiwemo Michael Gauthier, waliotumia rada na kuona kwamba tofauti inatokana zaidi na kuwapo kwa mawingu makubwa yenye barafu nyingi mara nyingi zaidi juu ya jiji, pamoja na mawingu madogo yanayoungana kuwa moja. Hilo linaelekea upande wa mikondo inayokutana, yaani joto, jiji na bahari yako, Mwalimu, vikishirikiana. Kwa hiyo mtu akikuambia ni moshi peke yake au ni joto peke yake, mwulize anazungumzia jiji gani na siku gani. Ndiyo sababu kuanzia Oktoba 2021 hadi Septemba 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani iliweka vifaa vyake hapo Houston kwa mradi uitwao TRACER, ili wingu moja moja lifuatwe kwa rada tangu linapozaliwa, na hewa linayoivuta ipimwe chembe zake.

Mwana wa Singida (mwanzisha mada)

Nimewasoma wote, tena mara mbili, na nawashukuru kwa dhati. Mama nimempigia simu. Amesema kanga haimgharimu kitu na ataendelea kufunika, lakini ameniahidi kwamba atachomoa televisheni na kuwaondoa wajukuu chini ya mwembe.

Kuna jambo nimelitambua baada ya kusoma. Upepo wetu wa alasiri hutoka kusini mashariki, baharini. Mahali ninapofanyia kazi pako kaskazini ya katikati ya jiji. Kwa maneno ya Mwalimu, mimi niko demani, na mfereji wa meli pamoja na jiji zima viko joshini kwangu. Leo taa zimewaka saa kumi na dakika ishirini. Nikiwa mlangoni niliona mmweko upande wa mashariki, nikahesabu sekunde kumi na mbili hadi ngurumo, ambazo kwa hesabu ya sekunde tatu kwa kilomita ni kilomita nne. Nimekubaliana na wenzangu wa Galveston na wa mashamba ya mpunga kwamba kuanzia Juni ijayo kila mmoja ataandika saa ya ngurumo ya kwanza na ya mwisho mahali alipo. Je, tuandike nini kingine ili kazi yetu iwe na maana?

Mpima Mvua (Dar es Salaam)

Andikeni mwelekeo na nguvu ya upepo wa saa sita mchana, kabla mawingu hayajajengeka, kwa maana bila huo hamtajua siku hiyo demani ilikuwa upande upi. Siku zenye dhoruba kubwa zinazotoka mbali ziwekeni kando. Zina nguvu zao na hazilisikilizi jiji. Zinazofaa ni zile siku za kawaida, za fukuto na upepo mdogo. Na siku isiyokuwa na ngurumo iandikeni pia, kila mmoja mahali pake, kwa sababu hizo ndizo watu husahau kuziandika.